Teknolojia ya simu katika kuzuia magonjwa ya moyo: simu ianze mikononi mwa nani?

Mratibu wa Mradi

Ndugu wanajukwaa,

Nimo katika timu inayoandaa mpango wa kuzuia magonjwa ya moyo na kiharusi kwa msaada wa simu za mkononi, na mpango huo umekusudiwa kufanya kazi katika maeneo matatu yasiyofanana. La kwanza ni la mjini, ambako watu wengi wana simu janja na intaneti haisumbui. La pili ni la vijijini: simu zipo, lakini nyingi ni za kitochi, na si ajabu simu moja kutumiwa na nyumba nzima. La tatu lina mtandao wa kubahatisha, na kukifikia kituo cha afya ni safari ya nusu siku.

Wafadhili wetu wanapendelea programu moja ambayo wananchi wataipakua wenyewe. Mtu ataingiza umri, uzito na kipimo chake cha presha, programu itamweleza yuko katika hatari kiasi gani, kisha itamkumbusha kutembea, kupunguza chumvi na kumeza dawa. Hoja yao haina ubaya: programu ikishakamilika, kumwongeza mtumiaji mmoja zaidi hakugharimu kitu cha maana. Baadhi yetu tunaona simu ingekabidhiwa kwanza mhudumu wa afya ngazi ya jamii, lakini tukiulizwa ushahidi tunaanza kuumauma maneno.

Naomba msaada wa waliowahi kuifanya kazi hii au kuisoma kwa undani. Je, teknolojia ya simu inapunguza kweli hatari ya moyo, au inapunguza makaratasi tu? Na lililofanikiwa upande mmoja wa dunia huweza kuhamishiwa upande mwingine bila kupoteza nguvu?

Daktari wa Moyo

Ndugu Mratibu, swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, na nitalijibu kwa kupitia majaribio machache yaliyofanyika mahali tofauti, kwa sababu matokeo yake hayalingani na kutolingana huko ndiko kunakofundisha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9 mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya aina hiyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilohilo lilikadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu mwaka huo wa 2019. Karibu nusu yao hawakujua kuwa wanalo, na ni mmoja tu kati ya kila watano ambaye presha yake ilikuwa imedhibitiwa. Dawa za presha zimekuwapo kwa miongo mingi, na nyingi si ghali. Kinachokwama ni safari yenyewe ya mgonjwa: kupimwa, kuandikiwa dawa, kuipata, kuimeza mwaka baada ya mwaka bila kuhisi maumivu yoyote ya kumkumbusha, na kurudi kupimwa tena. Kila teknolojia mnayoletewa iulizeni inaziba pengo lipi katika safari hiyo.

Jaribio la Sydney, Australia, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, liliwahusisha wagonjwa 710 waliokwisha kuugua mishipa ya moyo. Nusu walipata huduma ya kawaida, na nusu wakaongezewa ujumbe mfupi wa maneno mara nne kwa wiki kwa muda wa miezi sita. Mwishoni, wastani wa namba ya juu ya presha (ile inayotajwa kwanza) ulikuwa 128 kwa waliotumiwa ujumbe na 136 kwa wenzao. Waliokuwa wakivuta sigara walikuwa asilimia 26 kwa waliotumiwa ujumbe na asilimia 43 kwa wenzao. Kwa kitu rahisi kama ujumbe wa simu, hayo ni matokeo mazuri mno.

Lakini Cape Town, Afrika Kusini, jaribio lililotolewa mwaka 2016 likiwa na watu 1,372 wenye shinikizo la juu la damu lilipata tofauti ya presha ya milimita 2.2 za zebaki (kizio cha kupimia presha) tu baada ya mwaka mzima, na kuwawezesha wagonjwa kuujibu ujumbe hakukuongeza faida. Huko Argentina, Guatemala na Peru, watu waliokuwa ukingoni mwa shinikizo la juu walipigiwa simu ya ushauri kila mwezi na kutumiwa ujumbe kila wiki kwa mwaka mmoja. Uzito ulipungua kidogo; presha haikushuka.

Kwa maoni yangu, mgonjwa wa Sydney alikuwa tayari ameshtuliwa na ugonjwa, dawa anazo na mtaalamu anamfahamu, kwa hiyo ujumbe ulimsukuma mtu aliyekuwa na kila kitu mkononi. Yule wa Amerika ya Kusini na ya Kati hakuwa akiumwa wala hakuwa na dawa, na ujumbe ulitakiwa peke yake ubadilishe namna ya kula na ya kuishi katika mtaa ambao wenyewe haukubadilika.

Sasa linganisha na Kolombia na Malaysia, katika jaribio la HOPE 4 la mwaka 2019. Jamii 30, watu 1,371. Wahudumu wasio madaktari walipewa tableti (kompyuta bapa za mkononi) zenye mwongozo wa hatua kwa hatua wa kupima, kukadiria hatari na kupendekeza dawa chini ya usimamizi wa daktari. Dawa za presha na za kolesteroli (mafuta ya kwenye damu) zilitolewa bure. Na kila mgonjwa alichagua ndugu au rafiki wa kumsaidia. Baada ya mwaka, namba ya juu ya presha ilishuka kwa milimita 11 zaidi kuliko katika jamii za kulinganishia, na waliodhibitiwa walikuwa asilimia 69 dhidi ya asilimia 30. Tableti ilikuwamo, naam, lakini ilikuwa sehemu moja ya mpango, na nina shaka kama ingefua dafu bila dawa zile.

Muuguzi Msimamizi

Nakubaliana na Daktari. Mimi nitazungumzia jambo ambalo ripoti za majaribio hulipitia kwa sentensi moja, nalo ni kipimo chenyewe. Kazi yangu ni kusimamia wahudumu wa jamii wanaopima presha majumbani wakiwa na simu, na nawaambieni kwamba programu nzuri kuliko zote ikilishwa namba mbovu itatoa ushauri mbovu kwa ujasiri mkubwa.

Mhudumu anabisha hodi, mwenyeji ametoka kazini na bado anahema. Kwa utaratibu anapaswa kumkalisha dakika tano akiwa ametulia, mgongo umeegemea, miguu yote miwili imekanyaga chini bila kukunjwa nne, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda wa mashine umefungwa kwenye mkono mtupu, si juu ya nguo. Hatakiwi kuzungumza wakati mashine inajaza upepo. Kisha anapima tena. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mtu mzima anaweza kuandikiwa dawa za maisha kwa sababu ya mkanda. Sasa weka nyumba kumi na tano za kutembelea kabla ya jioni, halafu niambie dakika zile tano zitabaki ngapi.

Sisi tuliomba programu iwekewe saa ya kuhesabu dakika tano, na sehemu ya kuandikia kipimo isifunguke kabla hazijaisha. Wahudumu walinung'unika, na manung'uniko yao yalikuwa na haki ndani yake, kwa hiyo ikabidi tupunguze idadi ya nyumba kwa siku. Mpango wowote unaoongeza simu bila kupunguza mzigo mwingine wa mhudumu utalipwa kwa vipimo vya kubuni.

Njia ya kuvigundua ni rahisi. Mashine ya kidijitali haina upendeleo wa tarakimu ya mwisho, kwa hiyo takriban kipimo kimoja katika kila kumi kinapaswa kuishia na sifuri. Ukiona kijitabu cha mtu kina 120 kwa 80, 130 kwa 80, 140 kwa 90 mfululizo, ujue hapo mkanda haukufungwa mkononi mwa mtu. Kompyuta inaweza kulipima jambo hilo kila wiki bila kumsumbua yeyote, nami nashangaa ni programu chache kiasi gani zinazofanya hivyo.

Lingine ni dawa. Programu inamwelekeza mgonjwa kituoni, anafika anaambiwa dawa zimekwisha. Akirudishwa hivyo mara mbili haji tena. Ukiendelea kumtumia ujumbe wa kumkumbusha kumeza dawa ambayo hukumpa, unamkejeli.

Mtetezi wa Wagonjwa

Naomba kupinga kidogo, kwa sababu naona mjadala unaelemea upande mmoja na mgonjwa anageuka kuwa mtu wa kutembelewa na kuandikwa tu. Kuna ushahidi mzuri kwamba mtu akijipima nyumbani na kumpelekea daktari vipimo vyake, presha hudhibitiwa vizuri zaidi. Jaribio la TASMINH4 la Uingereza, lililotolewa mwaka 2018, lilikuwa na wagonjwa 1,182. Baada ya mwaka, waliojipima walikuwa na presha ya chini kuliko waliotegemea vipimo vya kliniki, na waliotuma vipimo kwa njia ya simu walifika huko mapema zaidi. Mgonjwa anayeiona namba yake mwenyewe huacha kubishana na ugonjwa.

Hata upande wa sigara, ambayo ni adui mkubwa wa moyo, ujumbe kwa mtu mwenyewe ulionyesha nguvu Uingereza: katika jaribio la txt2stop la mwaka 2011, lenye washiriki 5,800, waliothibitishwa kwa vipimo kuwa wameacha walikuwa asilimia 10.7 dhidi ya asilimia 4.9. Hapo hakuna mhudumu aliyebisha hodi. Kwa nini basi eneo la mjini la Ndugu Mratibu linyimwe programu ya wananchi kwa sababu tu eneo la tatu haliiwezi?

Daktari wa Moyo

Mtetezi, hoja yako ina nguvu na nisingependa ieleweke kwamba napinga mgonjwa kuwa na simu yake. Nakuomba tu uangalie waliojipima walikuwa na nini. Walikuwa na mashine iliyothibitishwa usahihi wake, daktari wa familia aliyepokea namba zile na kubadilisha dawa pale zilipokuwa juu, na dawa zisizokosekana. Ukiziondoa hizo, mtu hubaki anaiangalia namba yake kwa wasiwasi kila asubuhi.

Pia tutenganishe vifaa. Mashine ya mkanda wa juu ya mkono iliyopita majaribio ya usahihi ni kitu kimoja. Saa na pete zinazodai kusoma presha bila mkanda ni kitu kingine, na Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu imeshauri visitumike kumtambua mgonjwa wala kumpangia dawa hadi usahihi wake uthibitishwe. Wananchi hawaoni tofauti hiyo dukani, hivyo mradi wenu utaje bayana ni mashine zipi zinakubaliwa.

Kuhusu nani hasa anafikiwa, liangalieni jaribio la saa za Apple la kutafuta mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, lililotolewa mwaka 2019. Lilisajili watu zaidi ya 419,000, idadi ambayo utafiti wa kawaida hauwezi kuiota, lakini wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa kama asilimia 6 tu, ilhali hao ndio wanaopatwa zaidi na tatizo hilo. Programu ya kujipakulia huwapata kwanza vijana, wenye afya na wenye uwezo. Wafadhili wakikuonyesha idadi ya waliopakua, waulize wangapi kati yao walikuwa na presha ya juu.

Mratibu wa Mradi

Nashukuru sana kwa majibu haya. Nina maswali mawili zaidi. Kikokotoo cha hatari tulichoonyeshwa kimetengenezwa kwa takwimu za nchi tajiri; je, tukitumie hivyohivyo katika maeneo yote matatu? Na kwa upande wa ufundi, eneo lenye mtandao wa kubahatisha lishughulikiweje, hasa ikiwa mgonjwa anaweza kupimwa leo na mhudumu kijijini na mwezi ujao akajipeleka mwenyewe kituoni?

Mtaalamu wa Takwimu

La kikokotoo nitalijibu mimi. Msikitumie hivyohivyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya za kukadiria hatari ya mtu kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi, zikiwa zimerekebishwa kwa kanda 21 za dunia. Waliozitengeneza walitoa mfano wa mwanamume mvutaji sigara wa miaka 60, asiye na kisukari, mwenye namba ya juu ya presha ya 140 na kolesteroli ya milimoli 5 kwa lita: hatari yake ilikadiriwa kuwa asilimia 11 katika nchi za Andes, Amerika ya Kusini, na asilimia 30 katika Asia ya Kati. Mtu ni yuleyule kwa vipimo vyote, ila kanda zinatofautiana kwa kiwango cha ugonjwa wenyewe. Kikokotoo cha kuazima kinaweza kuwatisha watu bure sehemu moja na kuwapa usalama wa uongo sehemu nyingine.

Chati hizo zina matoleo mawili. Moja linahitaji kolesteroli na hali ya kisukari. La pili halihitaji maabara, linatumia uwiano wa uzito na urefu pamoja na umri, jinsia, uvutaji sigara na presha. Kwa maeneo yenu mawili ya mbali hilo la pili ndilo linalowezekana, ingawa huwa linamkadiria chini mgonjwa wa kisukari, kwa hiyo mwenye kisukari anayejulikana aelekezwe kituoni bila kusubiri alama ya programu.

Fundi wa Mifumo

Kuhusu ufundi, anzeni na dhana kwamba mtandao haupo, kisha uwepo wake uwe neema. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, mwaka 2023 asilimia 67 ya watu duniani walitumia intaneti, lakini Ulaya ilikuwa asilimia 91 na Afrika asilimia 37. Programu ihifadhi kila kitu ndani ya simu ya mhudumu, ifanye hesabu zote hapohapo, na ipeleke taarifa kwenye seva (kompyuta kuu ya mradi) pindi mtandao unapopatikana. Programu inayozunguka bila kufunguka mbele ya mgonjwa itatelekezwa ndani ya wiki chache, na daftari litarudi.

Tatizo gumu kuliko mtandao ni kumtambua mtu. Majina hujirudia, tarehe za kuzaliwa hukisiwa, namba za simu hubadilishwa. Programu ya Simple, ambayo ni ya chanzo huria (yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha) na imetumika India, Bangladesh na Ethiopia, hutumia kadi yenye msimbo ambao mhudumu anaupiga picha na jalada la mgonjwa linafunguka. Kadi ya karatasi inaonekana duni katika mradi wa kisasa, lakini ndiyo inayomwunganisha yule wa kijijini na yule yule kituoni. Na uandikaji wa ziara moja uwe mfupi: presha, dawa, tarehe ya kurudi. Kila swali linaloongezwa na mtafiti, maana huwa hawakosi swali moja zaidi, linapunguza ukweli wa majibu mengine.

Simu ya nyumba nzima inahitaji uangalifu wa pekee. Ujumbe usomeke hivi: "Tunakukumbusha miadi yako ya Jumanne saa 3 asubuhi." Jina la ugonjwa lisitajwe, wala dawa, kwa sababu atakayeusoma huenda ni mkwe au jirani. Kwa wasiosoma, tumieni sauti iliyorekodiwa na mtu wa eneo hilo, na mgonjwa aulizwe mwanzoni simu ipigwe saa ngapi. Ridhaa iombwe kwa maneno ya kueleweka, na ajue taarifa zake zinatunzwa wapi na nani anaweza kuzifungua.

Muuguzi Msimamizi

Hapo kwenye uandikaji mfupi Fundi amenena. Naomba pia wahudumu wapewe namba ya mtu wa kumpigia simu ikikwama, mtu halisi anayepokea.

Mtaalamu wa Takwimu

La mwisho kutoka kwangu ni namna ya kujipima, kwa kuwa Ndugu Mratibu atadaiwa ripoti. Kuna jaribio la mWellcare, lililofanyika katika vituo 40 vya afya katika majimbo ya Haryana na Karnataka nchini India na kutolewa mwaka 2019. Wauguzi wa upande mmoja walipewa mfumo wa tableti. Wa upande wa pili walipata mafunzo na mabango ya mwongozo tu. Presha ilishuka pande zote mbili, na tofauti baina yao haikuonekana. Kama watafiti wangeangalia upande wa tableti peke yake wangetangaza ushindi. Kwa hiyo, pale inapowezekana, vituo vingine vianze baadaye ili muwe na cha kulinganishia, na hivyo vya kusubiri vipate angalau mafunzo na dawa.

Kipimo kikuu kisiwe ujumbe uliotumwa wala programu zilizopakuliwa. Chukueni wagonjwa wote waliosajiliwa zaidi ya miezi mitatu iliyopita, kisha hesabuni wangapi kati yao walionekana ndani ya miezi mitatu hii na presha yao ya mwisho ilikuwa chini ya 140 kwa 90. Asiyeonekana kabisa abaki ndani ya hesabu, na idadi yao itolewe peke yake kwa kila kituo. Katika mipango mingi kundi hilo ndilo kubwa kuliko la wenye presha ya juu wanaohudhuria, na ndilo mhudumu anapaswa kuletewa kwenye simu yake kila Jumatatu kama orodha ya majina ya kuwafuata.

Mratibu wa Mradi

Nimewaelewa. Tutapendekeza mhudumu awe wa kwanza katika maeneo yote matatu, na programu ya kujipimia iongezwe mjini kwa wagonjwa waliokwisha kusajiliwa kituoni na wenye mashine iliyothibitishwa. Kabla ya yote nitaomba kumbukumbu za stoo za dawa za mwaka uliopita kutoka kila kituo. Kisichokuwa na dawa kwa miezi mingi hatutakipelekea simu mpaka hilo lirekebishwe.